Nilivyodai makato ya ovadrafti mpaka benki ikarudisha

Habari zenu ndugu. Naandika hii kwa ajili yetu tulioko huku Uingereza ambao mshahara ukiingia tarehe 28, tarehe 30 akaunti ishasoma hasi tena, alafu juu ya hiyo hasi benki nayo inakata chake. Mi nimeishi hivo karibu miaka mitano hapa Leicester na nlikuwa naona ndo maisha ya huku yalivyo, kila mtu anakatwa, unakaa kimya unaongeza shifti. Sikujua kama hela ile inadaika.

Ilianza hivi. 2016 nilifungua akaunti wakanipa ovadrafti ya paundi 300, yaani ruhusa ya kutoa hela ambayo huna. Mwaka uliofuata mama kule Moshi akaanguka akavunjika nyonga, operesheni inataka hela ya haraka, na mi wakati huo nafanya kazi ya kulea wazee kwa shifti, wiki hii unapata saa 40 wiki ijayo 16. Usiku nikafungua apu ya benki, kuna sehemu inakuuliza kama unataka kuongeza ovadrafti, nikaandika 1,200, nikajaza mshahara wangu, nikabonyeza, dakika haikuisha washakubali. Kodi ya nyumba nalipa ngapi, nyumbani natuma ngapi, hakuna aliyeuliza. Nikatuma hela, mama akatibiwa, namshukuru Mungu anatembea mpaka leo. Ila mi sikutoka tena kwenye ile hasi.

Makato yenyewe yalikuwa paundi 1 kila siku ambayo akaunti iko chini ya sifuri. Ukisikia paundi 1 unaona ni hela ya mkate, lakini mi nlikuwa chini ya sifuri siku 28 kati ya 30, kwaiyo ni paundi 28 kila mwezi, na ikitokea bili ya maji au simu imekuja kuvuta hela kwa dairekti debiti ikakuta nimefika mwisho wa ile 1,200, inarudi bila kulipwa na kwa hiyo kurudi nako nakatwa. Alafu ile iliyokatwa ndo inafanya bili nyingine irudi. Mtu ambaye hajapitia hawezi kuelewa unavyokuwa, unasimama dukani na maziwa mkononi unafungua apu kwanza uone kama yatapita.

Aprili 2020 sheria ilibadilika. FCA, ile mamlaka inayosimamia biashara ya fedha huku, kuanzia tarehe 6 mwezi huo ilipiga marufuku makato ya siku kwa ovadrafti, benki zikatakiwa kutoza riba tu, na ovadrafti ambayo hukuiombea ruhusa isiwe ghali kuliko ile yenye ruhusa. Nikafurahi sana. Sasa benki nyingi zikapandisha riba ikafika karibu asilimia 40 kwa mwaka, ya kwangu ikawa 39.9, na kwa mtu kama mimi anayekaa kwenye 1,100 mwezi mzima ikawa paundi 36 au 37 kila mwezi, yaani zaidi ya mwanzo.

Aliyenifumbua macho ni jirani yangu, mzee wa Kihindi aliyezaliwa Kisumu, walikuja huku 1968 yeye na wazazi wake, na Kiswahili chake bado kizima kabisa. Amefanya kazi ya kushika vitabu vya hesabu vya maduka kule Melton Road maisha yake yote. Siku moja nimetoka shifti ya usiku nimekaa nje kwenye ngazi nimeshika simu, akapita. Nikamwambia shikamoo mzee, akaitika marahaba binti, mbona uso hivo. Nikamuonesha simu. Akatazama muda mrefu, akasema hawa wanakulipisha kwa sababu umezama, na wanakuona umezama.

Nikamwambia nataka kuwaandikia kuwa makato yao ni makubwa mno, ni dhuluma. Akakataa. Hapa ndo pa maana kuliko pote kwenye hii habari yangu kwaiyo someni vizuri. Akanieleza kwamba mwanawe alidai makato kama hayo 2007, wakati watu kibao walikuwa wanadai na wengi wanalipwa, alafu katikati ya mwaka huo madai yakasimamishwa nchi nzima kusubiri kesi moja ya mfano, na Novemba 2009 Mahakama ya Juu ikaamua upande wa mabenki, kwamba makato ya ovadrafti isiyo na ruhusa ni sehemu ya bei ya huduma na huwezi kuyapinga kwa hoja kuwa bei haiendani na unachopata. Mlango huo ukafungwa. Ukiandika barua leo ukasema tu "makato ni makubwa si haki", watakujibu kwa kukutajia ile hukumu na barua yako imeishia hapo. Akasema binti, acha kugombana na bei, gombana na walivyokutendea. Walikukopesha bila kuangalia kama unaweza, waliona mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu kwamba hutoki, wakaendelea kukata. Hiyo hakuna mahakama iliyoifunga.

Basi nikaanza kazi. Kwanza nikaiomba benki taarifa zangu zote walizonazo, siyo steitimenti peke yake. Sheria ya ulinzi wa data inakupa haki hiyo, bure, na wanatakiwa wakujibu ndani ya mwezi mmoja. Unaandika tu kwamba naomba nakala ya taarifa zangu zote binafsi, pamoja na steitimenti za miaka 6, maelezo ya simu nilizopiga, na kumbukumbu za kila walipokagua au kuongeza ovadrafti yangu. Msiache hayo mawili ya mwisho.

Ilikuja bahasha nene kama kitabu cha simu. Tukaitandaza kwenye meza ya mzee, akanipa kalamu ya rangi ya njano, akaniambia paka kila siku ambayo akaunti iko juu ya sifuri. Kuna kurasa nimefungua hazina hata mstari mmoja wa njano. Mwezi wa kumi na moja 2018, siku 2. Februari 2019, siku 1, mshahara umeingia asubuhi na jioni hasi. Nilivyoziona zile karatasi nyeupe zimefuatana nililia, manake miaka yote nilikuwa najilaumu sijui kutunza hela, na pale kwenye karatasi unaona wazi kuwa kila mwezi naanzia shimoni.

Alafu tukakuta kitu ambacho nilikuwa nimekisahau kabisa. 2019 niliwahi kupiga simu benki kuomba wanirudishie kato moja la bili iliyorudi, dada wa kule akanirudishia paundi 12 akasema ni kwa mara hii tu. Kwenye zile taarifa, maelezo aliyoandika siku hiyo yapo, kwa ufupi yanasema mteja anasema ameshindwa kodi ya nyumba mwezi huu na amekopa kwa rafiki. Hapo chini yake hakuna kitu. Hakuna aliyenipigia, hakuna aliyenipunguzia, kesho yake paundi 1 imekatwa kama kawaida. Mzee akaweka kidole pale akasema hii ndo kesi yako yote.

Barua nilifupisha, ukurasa mmoja na nusu. Nikasema mliongeza ovadrafti 2017 bila kuuliza matumizi yangu, tangu katikati ya mwaka huo nimekuwa juu ya sifuri wastani wa siku 2 kwa mwezi, ovadrafti ni ya dharura ya muda mfupi na kwangu imekuwa deni la kudumu, kila mwaka mlipokagua mliona, na tarehe fulani 2019 niliwaambia kwa mdomo wangu kuwa sina kodi ya nyumba. Naomba mnirudishie riba na makato yote tangu mlipotakiwa kuona hilo, pamoja na riba ya asilimia 8, na msafishe rekodi yangu ya mikopo. Hiyo asilimia 8 sikuitunga, mpaka mwisho wa 2025 ndo kiwango ambacho ombudsmani, yaani msuluhishi huru wa malalamiko ya wateja dhidi ya benki, alikuwa anatumia mara nyingi kwa hela uliyonyimwa kuitumia. Nikaambatanisha jedwali la siku, mwezi kwa mwezi. Matusi na hasira niliyaweka pembeni ingawa yalikuwepo mengi.

Benki wana wiki 8 kukujibu. Wiki ya tatu akanipigia kaka mmoja mpole sana, akasema wako tayari kunipa paundi 75 kama nia njema tumalize. Siku hiyo nilikuwa na paundi 9 za kufika mwisho wa mwezi, na nawaambia ukweli mdomo ulitaka kusema ndiyo. Nikamuuliza kaka, nikipokea hii malalamiko yanafungwa? Akasema ndiyo. Nikamwambia hapana, naomba jibu lenu la mwisho kwa maandishi. Wiki ya saba barua ikaja, wamekataa, na kama mzee alivyosema, aya nzima inahusu hukumu ya 2009, hukumu ambayo mi kwenye barua yangu sikuigusa hata kwa neno moja. Kuhusu ile simu ya 2019, kimya.

Hiyo barua ya kukataa msiitupe. Ukishaipata una miezi 6 ya kupeleka shauri kwa Financial Ombudsman Service, ndo ofisi ya huyo ombudsmani, ni bure kabisa, huhitaji wakili, unajaza fomu kwenye mtandao na unapandisha karatasi zako. Na hata kama benki hawajajibu, wiki 8 zikipita unaruhusiwa kwenda. Kuna makampuni yatakupigia yanasema tukudaie sisi, wanachukua sehemu ya hela yako kwa kujaza fomu ileile. Kama Kiingereza cha kuandika kinakusumbua nendeni Citizens Advice, wanasaidia bila malipo, na hao ombudsmani wenyewe ukiwaomba mkalimani wanakutafutia.

Nilisubiri karibu miezi mitano. Mchunguzi aliyepewa faili langu akanipigia mara mbili tu, maswali yake yalikuwa ya kawaida, ulikuwa unapata ngapi, ulikuwa na madeni mengine, ulikuwa unatuma nyumbani kiasi gani. Hilo la kutuma nyumbani nilitaka kulificha nikidhani wataniona mjinga, lakini nikasema kweli, na hakulitumia dhidi yangu. Maoni yake yakaja kwa imeli: kuanzia ukaguzi wa Februari 2018 benki ilitakiwa kuona kwamba natumia ovadrafti kama deni la kudumu na ichukue hatua, kwaiyo kila riba na kato kutoka hapo liondolewe. Mwaka wa 2017 hakunipa, alisema wakati naongezewa dalili zilikuwa hazijawa wazi vya kutosha. Iliniuma kidogo, nikakubali. Benki nao wakakubali baada ya wiki mbili. Wangekataa, faili lingepanda kwa ombudsmani mwenyewe, na uamuzi wake mteja ukiukubali unaifunga benki kisheria.

Jumla ilikuwa paundi 1,806. Hazikuja zote mkononi, kwanza zilizima ile hasi ambayo siku hiyo ilikuwa 1,164, ikabaki 642, wakaongeza riba ya asilimia 8 ambayo baada ya kukatwa kodi ya serikali ilikuwa paundi 34. Kodi hiyo kama kipato chako ni kidogo unaweza kuiomba irudi, iombeni benki cheti cha makato hayo. Na rekodi yangu ya mikopo ikasafishwa.

Jambo moja nisingependa mtu alikosee. Kabla hujatuma barua ya malalamiko fungua akaunti nyingine ya kawaida isiyo na ovadrafti kwenye benki tofauti, na mshahara uuhamishie huko. Benki inaweza kukuondolea ovadrafti wakati wowote, na kama mshahara wako bado unaingia palepale utamezwa wote siku hiyohiyo ukose hata nauli. Mi nilifanya hivo wiki mbili kabla, kwa ushauri wa mzee, na ile ovadrafti nikawa naipunguza kwa kiasi tulichoandikiana na benki.

Na siyo kila anayepeleka anashinda. Kama ulikuwa unaingia na kutoka kwenye hasi, miezi mingine uko sawa, ni ngumu kuwaambia walitakiwa kuona. Ya zamani sana pia ina mipaka, kwa kawaida miaka 6 nyuma, au 3 tangu ulipojua una sababu ya kulalamika. Msikae nayo.

Sa hivi kuna dada mmoja wa Mombasa tunafanya naye kazi, ana ovadrafti ya 2,000 tangu ajifungue mtoto wa pili, na benki yake ilimpandishia mara tatu. Tumeshatuma ombi la taarifa zake, wanatakiwa wawe wamejibu kufikia tarehe 19. Kalamu ya njano nimeshanunua, na mzee amesema meza ipo.