Siku moja maishani mwangu: jetiski nzito ya Himbi

Saa 12 asubuhi

Simu imelia kabla sijanawa uso. Ni papa mmoja, mzee wa Himbi hapa Goma, anakodisha jetiski, zile pikipiki za majini, Jumapili kwa watu wanaokuja kuogelea pale ziwa Kivu. Mashini yake ni ya miaka ya 90, mota ya tempo mbili, silinda mbili, karibirateri mbili. Akaniambia "fundi, ukifinya gazi inalia tu lakini haiondoki, wateja wananirudishia wanasema wamekodi mtumbwi". Fundi mmoja alishaiona, akamwambia mota imekwisha, inataka pistoni mpya, segima (ringi) na kualeza silinda, yaani kuichonga upya, dola 450, na piese (spea) mpaka zitoke Dubai. Yeye alikuwa anajiandaa kuzitoa hizo dola leo.

Nikamwambia papa, zishike kwanza, nakuja.

Hii kitu inaniuma sana juu naiona kila mwezi. Jetiski ikizembea watu wanakimbilia mota, wanafungua kichwa cha silinda, na hakuna mtu ameuliza swali la kwanza kabisa: mota yenyewe ndiyo inashindwa kupanda mizunguko, ama inapanda vizuri lakini maji hayashikwi kule nyuma? Ni magonjwa mawili tofauti, na ukisimama kwenye mchanga yote mawili yanaonekana sawasawa, mashini nzito tu.

Saa 1 na robo

Nimefika na motari, dogo ninayemfundisha kazi yuko nyuma yangu amekumbatia kasha la vifaa. Mawingu yamefunika volkano yetu, Nyiragongo, hakuna upepo hata kidogo. Dogo alitaka kushuka mbio mpaka kule chini jetiski ilipofungwa, kuna kishimo kati ya mawe, nikamshika shati. Asubuhi bila upepo mazuku inalala kwenye mashimo kama yale, ni hewa nzito inayotoka chini ya ardhi, haina harufu, inachukua nafasi ya hewa ya kupumua na imeshaua watu na mbuzi upande huu wa Himbi, Keshero, mpaka kule Mugunga. Tukangoja jua lipande na upepo wa ziwa uanze kusukuma. Mimi na kazi yangu ya kuinama chini kila siku, hapo sina haraka na mtu.

Saa 2

Mbele ya kugusa spana yoyote nataka kuiona inavyoumwa. Tuliisukuma mpaka maji yakafika kiunoni, nikapanda, nikamwambia dogo asimame pale na ahesabu kwa sauti tangu nafinya gazi mpaka jetiski inyanyuke ikae juu ya maji. Sina mashini ya kupima hiyo kitu, sauti ya dogo inatosha, ilimradi ahesabu kwa mwendo ule ule siku nzima.

Alifika 11. Mota ilikohoa kwanza, bwooo, ikasita, kisha ikapanda na kulia sana, na nyuma naona povu jeupe tupu na jetiski bado inajikokota, halafu ghafla ikashika. Yaani vitu viwili kwa safari moja: mota inasita ikiwa chini, na baadaye inalia bila kusukuma. Nikajua leo hatutafuta kosa moja, ni mawili ama zaidi, na hapo njo mafundi wanapotea, anapata moja, mashini inabadilika kidogo, anasema imepona, kesho mteja anarudi.

Tukaivuta nje, dogo akafungua vile vizibo viwili vya nyuma vya kumwagia maji. Maji yakatoka mpaka nusu ya bidoni ya lita 20! Hayo tu ni kilo 10 za bure. Kola inayobana tuyo (mpira) moja ya maji ya kupozea ilikuwa imelegea, nikaikaza, tukaendelea.

Saa 3

Nilianza na kitu cha bei ya sifuri. Dogo alifinya gazi mpaka mwisho, mimi nikachungulia kwenye karibirateri, na kile kipepeo cha ndani hakikufunguka chote, kilibaki kama kimeinama kidogo, juu kable imevutika na uzee. Unafungua boluni ndogo ya kable, unazungusha kirekebisho, unaangalia tena mpaka kipepeo kinalala kabisa, na unahakikisha ukigeuza usukani huku na huku ralanti, ule mwendo wa mota bila gazi, haipandi yenyewe. Dakika 10. Nimeshaona jetiski iliyofunguliwa mota mzima na kable haikuguswa.

Kisha kompresio, yaani nguvu ya silinda kubana hewa. Natosha bujii (plagi) zote mbili, naziunga kwenye chuma ili umeme wa kuwasha usiungue, bateri iwe imejaa, gazi wazi mpaka mwisho, natia kompresiometri na kuzungusha demareri (stata) mpaka sindano inaacha kupanda. Silinda ya mbele bari 8.5, ya nyuma 8.3.

Papa akaleta kitabu cha mashini ambacho yule fundi alimwonyesha, kimeandikwa kama bari 10. "Unaona fundi, imekufa kweli".

Hapa nilikaa naye chini juu ni kitu nataka kila mtu wa Goma na Bukavu akijue. Kitabu kile kiliandikwa kwa watu wa bahari. Sisi ziwa letu liko kwenye mita 1,460 juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi, presha yake ni kama asilimia 85 tu ya ile ya kule Mombasa. Mota inavuta hewa pungufu, kwa hiyo inabana hewa pungufu, na ile bari 10 ya bahari huku kwetu inasomeka 8.5. Mota ya huyu papa ni nzima! Kitu cha kuangalia zaidi ni tofauti kati ya silinda moja na nyingine, ikipita asilimia 10 njo unaanza kuogopa, na yeye tofauti yake ni bari 0.2, haifiki asilimia 3.

Hakusema kitu, alikipiga kile kitabu kwenye goti mara mbili hivi.

Na hiyo hewa nyepesi inamaanisha pia hakuna jetiski ya zamani itakimbia hapa kama ilivyokimbia baharini, nguvu kama asilimia 15 zinabaki chini huko. Ile zenye kompyuta zinajipangia zenyewe esanse (petroli), za karibirateri hapana, zinaendelea kumwaga esanse ya bahari kwenye hewa ya mlima. Nikamwambia mapema ili asinidai kitu ambacho ziwa halitoi.

Saa 4 na nusu

Bujii ziliongea. Ya mbele nyeusi, imelowa, masizi: esanse nyingi. Ya nyuma nyeupe, kavu kama mfupa: esanse kidogo. Ile nyeusi sikuishangaa, ni ule mlima niliousema. Ile nyeupe njo ilinitisha juu mota hii ya tempo mbili inapata mafuta yake ya kulainisha ndani ya esanse, ikikosa esanse imekosa na mafuta, na ukiendelea kuikimbiza hivyo pistoni inayeyuka tundu katikati. Hapo yule fundi wa dola 450 angekuja kuwa na haki.

Tukatosha karibirateri zote mbili. Hizi za jetiski hazina bakuli la kuelea kama za pikipiki, juu chombo kinalala na kupinduka, zinatumia ngozi nyembamba na pompi ndogo iliyo ndani yake, inasukumwa na pumzi ya mota yenyewe. Nikafungua kifuniko cha pompi ya ile ya nyuma, na ndani kuna chujio, kadogo kama ukucha wa kidole gumba. Sikuona waya wake. Kulikuwa na uteute wa kijani na kahawia umelala juu yake kama ugoro uliolowa, nikaugusa na ncha ya turnavisi ukavutika. Ni tuyo za zamani za esanse zinazooza kwa ndani, nje unaziona nzima, ukiikata moja na kuiminya inaacha uchafu kwenye kidole. Ongeza na esanse ya Kadhafi, wale wauzaji wa bidoni barabarani, bidoni ileile jana ilikuwa na mazuti (dizeli), kesho maji.

Kusafisha chujio bila kubadilisha tuyo ni kazi ya wiki mbili, itaziba tena. Tukabadilisha zote, kutoka tangi mpaka karibirateri, na filtri ya katikati. Ngozi za pompi nilizinyanyua kwenye jua, zimekakamaa zinalia kama nailoni, nilikuwa na seti moja nyumbani, dogo akakimbia na motari kuileta. Viisi (skurubu) za ralanti nilizifunga pole pole mpaka zinagusa huku nahesabu, nikazirudisha, ile ya mbele nikaipunguza nusu ya robo kwa ajili ya mlima. Viisi kubwa za mwendo sikuzipunguza. Huko ukibana sana unaua pistoni ukitafuta nguvu.

Saa 7

Bugali na sambaza, mama wa pale kwa papa alituletea. Dogo alikula kwa mkono wenye harufu ya esanse hata baada ya sabuni mara tatu.

Saa 8

Tuliiwasha nje kwanza na tuyo ya maji. Dogo alitaka kufungua robine mbele ya kuwasha, nikamzuia: mota inawaka kwanza, kisha maji, na kuzima ni maji kwanza kisha mota, la sivyo maji yanarudi kwa njia ya moshi mpaka ndani ya silinda. Alirudia maneno hayo kwa sauti, nikafurahi.

Ziwani tena. Dogo akahesabu: 7. Kule kukohoa kumekwisha, gazi inapanda laini. Lakini kilio bado, povu bado, sekunde mbili tatu mota inakimbia peke yake. Papa alianza kupiga makofi, alitaka kunilipa palepale, nikamwambia papa bado, nusu ya ugonjwa iko nyuma.

Saa 9

Tukailaza ubavu juu ya matairi, upande wa moshi chini ili maji yasirudi kwenye mota. Kwenye kichujio cha chini, pale maji yanapoingilia, kulikuwa na kamba ya wavu imejizungusha kwenye muti wa turbini, ile pompi inayovuta maji na kuyarusha nyuma, na kipande cha sasheti. Nilikata na kisu. Kisha pompi yote nje, boluni nne, moja ilinipigania nusu saa.

Elisi ilikuwa imekula meno kwenye makali ya mbele. Ile pete inayoizunguka nilipitisha ukucha ndani yake, ukucha ukaingia kwenye mifereji, mmoja, wa pili, wa tatu. Jauji, kile kipimo cha nafasi kati ya elisi na pete, ikapita 1.2 milimita, inatakiwa kama 0.3 mpaka 0.5, zaidi ya hapo maji yanateleza pembeni ya elisi na kurudi yalikotoka, mota inazungusha povu. Na kati ya elisi na yale mabawa ya nyuma kumekwama kijiwe cheusi, ukubwa wa haragwe, kikali pembeni. Mawe ya volkano. Lava ya 2002 ilipita katikati ya muji ikaingia ziwani, na kokoto kama hizi ziko kila pahali kwenye fukwe zetu, na wafanyakazi wa papa wanawasha jetiski maji yakiwa magotini ili mteja asilowe. Turbini inavuta chini kama inavyovuta mbele. Niliwaonyesha vijana wake kile kijiwe mmoja mmoja kwa mkono wao, wakishike.

Pete mpya hakuna Goma. Lakini garaji kwangu nina mzoga wa mashini ya aina ileile uliokufa na kuungua mota, pete yake ni nzima, karibu haikufanya kazi. Elisi niliinyoosha na kuipiga lima taratibu, bawa kwa bawa, nikizungusha mkononi ili zibaki na uzito mmoja, ukiipunguza moja zaidi itatetemesha muti mzima na kuua roulement (beringi). Jauji sasa: 0.4. Nikapaka silikoni pale pompi inapokutana na bodi, juu ufa wa pale unavuta hewa na unakupa kilio kilekile, utarudi kulaumu elisi.

Saa 11

Jua liko karibu kugusa milima ya Masisi, wavuvi wa sambaza wanatengeneza taa zao, mitumbwi mitatu mitatu imeunganishwa na miti mirefu, tayari kutoka. Tulisukuma jetiski mpaka kiunoni, vijana wa papa wenyewe njo walisukuma, bila kuambiwa.

Nikafinya. Mikono ilivutika, ikabidi nishike usukani vizuri. Nilisikia dogo nyuma "moja, mbili, tatu, ne..." na sikusikia ya tano. Nikazunguka mara mbili mbali na wavuvi nisiwavurugie maji, nikarudi, nikatosha bujii ikiwa moto: zote mbili kahawia, rangi ya chai ya maziwa.

Papa alilipa tuyo, ngozi, pete na siku yangu, yote pamoja haikufika dola 120. Aliniuliza zile dola nyingine afanyie nini, nikamwambia anunue jilee mpya za kuogelea, zile zake zimepasuka mishono, na aweke pete ya akiba njiani kutoka Kampala mbele hii ya mzoga haijachoka.

Saa 1 usiku

Nyumbani. Dogo ameandika kwenye daftari lake: 8.5, 8.3, 1.2, 0.4, na chini yake 11, 7, 4. Kile kijiwe amekifunga na selotepu pembeni ya ukurasa.