Simu na laptopu chumba kimoja na hazijuani

Jumamosi yangu yote imeishia kwa hiki kitu, wacha niandike kabla nisahau. Video za ruracio ya dadangu, ile sherehe ya kuleta mahari, ziko kwa laptopu, kama jibi 30 hivi, na shosho ametoka ushago yuko hapa kwangu Roysambu siku mbili, anataka kuziona kwa simu akiwa amejikalia kwa kochi. Waya ya USB niliyo nayo inachaji tu, data haipitishi (ya soo moja, ya tao, sijui nilikuwa natarajia nini). Nikasema basi nitashea folda kwa waifai, dakika tano nimemaliza.

Wapi!

Kwa Windows nikashea folda, kwa simu nikaandika anwani ya laptopu, 192.168.100.14, ikazunguka weee mwishowe ikasema seva, yaani laptopu, haijibu. Nikazima rauta nikawasha, nikaitukana kidogo, bado. Jirani akaniambia niwashe SMB1, toleo la kitambo la SMB, ile njia Windows hutumia kushea folda. Hapo nilikataa, hiyo ndiyo ile virusi ya WannaCry ilipitia 2017 na mwaka huo huo Windows 10 mpya zikaanza kuja bila hiyo, siwezi achia wezi dirisha wazi juu ya video ya mbuzi.

Kumbe simu ilikuwa imeshika waifai ya wageni, ile niliweka ndio watu wasiniombe paswadi yangu. Rauta yangu inawapa wageni intaneti tu, vitu vya ndani hawavioni, na kwa sababu YouTube inacheza poa huwezi hata kushuku. Nikahamisha simu, bado! Sasa ikawa ni Windows, ilikuwa imeweka waifai ya nyumba kama mtandao wa umma, yaani inadhani niko mkahawani, fayawoli, mlinzi wa Windows wa mtandao, ikafunga 445, ule mlango SMB hupitia. Nikageuza ikawa mtandao wa faragha na papo hapo simu ikaniuliza jina na paswadi. Sijawahi furahia kuulizwa paswadi hivyo. Seva ikikosa kujibu bado umepotea njiani, lakini ikikuuliza paswadi umefika kwa geti, umebaki na askari tu.

Sasa huyo askari ndiye alinimaliza. Nikaweka pini yangu, ile ya tarakimu nne nafungulia laptopu kila siku, ikakataa. Nikarudia polepole kama mtu wa ATM, ikakataa. Pini ya Windows ni ya kutumia ukiwa umekaa mbele ya hiyo mashini, kwa mtandao haifanyi kazi, inataka paswadi yenyewe, na kama unaingia na akaunti ya Microsoft basi ni ile ya hiyo akaunti, ambayo mimi nilisahau zamani sana. Sikuitafuta. Nilitengeneza akaunti nyingine ya hapo hapo kwa laptopu, nikaiita shosho, nikaipa paswadi na ruhusa ya kusoma hiyo folda moja tu. Ikaingia!

Jumapili asubuhi stima ikapotea, iliporudi nasikia kutoka kwa kochi, "Kijana yangu, mbuzi zimeenda wapi?" Rauta ilikuwa imepea laptopu anwani ingine, mwisho .17. Nimeingia kwa rauta nikaifungia .14 isihame tena. Shosho ameona hicho kipande cha mbuzi mara nne na bado anasema walileta chache.