Nilivyopata chuo chenye maabara na jukwaa

Ushauri niliopewa matokeo ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, yalipotoka, ningeupima kwa kilo ningefungua kibanda Marikiti. Nilitaka biokemia na maigizo, vyote viwili. Mwalimu wa ushauri shuleni: chagua moja. Jirani: soma uuguzi, kazi hazikosi. Ami yangu, ambaye hajawahi kukanyaga ukumbi wa maigizo lakini kwa kuigiza ugonjwa siku za kulipa madeni hana mshindani, alinikalisha barazani. "Sikiza mwanangu. Soma udaktari. Huo uigizaji wako utawafanyia wagonjwa wodini." Binamu aliye Marekani ndiye aliyenivuruga kabisa. Kule, asema, watu huingia chuo hata hawajaamua, huchagua mwaka wa pili, na anayetaka hubeba masomo makuu mawili, fizikia huku na maigizo huku.

Kwetu Kenya unaingia na kozi yako tangu mlangoni. KUCCPS, wale wanaogawa nafasi za vyuo, wanataka msimbo wa kozi, kila kozi ina masomo yake manne ya kupimia, na alama huhesabiwa juu ya 48. Msimbo wa biokemia na maigizo pamoja haupo. Niliutafuta mpaka kijana wa saiba akaniuliza kama kompyuta nimeinunua.

Kisha nikaona bango la chuo fulani hapa mjini: sayansi na sanaa chini ya paa moja. Nikavaa vizuri, nikapanda tuktuk. Paa moja kweli lilikuwepo. Karani alinipa soda baridi kabla hata sijataja jina. Maabara ilikuwa chumba chenye darubini mbili, moja haina lenzi, na chupa ya mjusi wa kufundishia ambaye dawa yake ilishakauka, amegandamana na kioo, mkono mmoja juu, yuataka kutoka. Nikauliza ukumbi wa maigizo uko wapi. Tukapanda ngazi. Jukwaa lilikuwa lile la bibi harusi: viti viwili vya kifalme, maua ya plastiki, vitambaa vya zambarau, na chini ya kiti kijipakiti cha udi kilichosahauliwa. "Na taa za jukwaani?" Akawasha zile za disko, zikazunguka ukutani. "Hizi hapa. Ila Jumamosi ukumbi huwa umekodishwa." Halafu akaomba ada ya usajili, elfu kadhaa, hairudishwi. Nikamaliza soda, nikamwambia naenda kushauriana na mama. Chuo cha namna hii, kabla hujatoa shilingi, angalia kama kimesajiliwa na TVETA, mamlaka ya vyuo vya ufundi. Kikijiita chuo kikuu, angalia kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Kuangalia ni bure.

Nililofanya baada ya hapo najipongeza hadi leo. Vikundi vya waigizaji kutoka Nairobi, wengi wao wanafunzi wa vyuo, huteremka Mombasa kuigiza vitabu teule vya fasihi kwa shule za sekondari. Nikalipa kiingilio cha wanafunzi (sare bado ilinitosha, Mungu anisamehe), nikakaa safu ya mbele. Mzee wa mchezo, mwenye ndevu za pamba na mkongojo, alipoinua mkono kutoa laana nikaona vidole vyake: madoa meusi kutoka ncha hadi kwenye kucha. Nayajua madoa hayo. Ni nitrati ya fedha, ile ya kupimia kloridi. Ikigusa ngozi na mwanga ukaipiga, hugeuka nyeusi na sabuni haiiwezi, unangoja ngozi ijibadilishe yenyewe. Mchezo sikuusikia tena. Laana ilimpata nani, sijui.

Walipomaliza nikamfuata nyuma ya pazia, yuko kwenye ndoo anabandua ndevu kwa mafuta ya nazi. "Kaka, wewe unasoma kemia." Akavitazama vidole vyake, akacheka hadi pamba ikamwingia mdomoni. Mwaka wa tatu! Jukwaani alifikaje? Alikwenda tu kwenye usaili, wakampa nafasi. Nikamwomba kitu kimoja: ratiba. Brosha sizitaki, zote zina wanafunzi wanaocheka chini ya mti. Akanifungulia simu. Praktikali saa nane hadi saa kumi na moja, mazoezi ya mchezo kuanzia saa kumi na mbili jioni. Ni siku moja tu iliyokuwa inagongana.

Hapo mambo yakanikaa. Maabara haipokei mpita njia: bila kusajiliwa kwenye kozi huoni hata tone la kemikali. Jukwaa humpokea yeyote atakayepita usaili na kufika mazoezini kwa wakati. Basi sayansi ndiyo ya kujaza kwenye fomu, na maigizo ndiyo ya kuchagulia mahali. Na mahali penyewe pawe na idara ya maigizo, klabu pekee haitoshi. Klabu huamka tamasha la drama likikaribia, ikabeba kikombe, ikalala. Idara ina maleba, ina taa, na ina wanafunzi wa uongozaji ambao mwaka mzima wanatafuta watu wa kuwachezea kazi zao.

TUM, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, iko Tudor, ningekula kwa mama. Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, kina masomo ya bahari ambayo bado yananivuta. Lakini nilitaka idara. Moi, Eldoret, wanayo ya fasihi, maigizo na filamu; baridi ndiyo iliyoniondoa, wala sioni haya. Nikabaki na Kenyatta, pale Kahawa: biokemia ipo, idara ya maigizo na filamu ipo, na kuna Wiki ya Utamaduni ambapo hata wa hesabu hucheza ngoma. Nikaiweka ya kwanza, nafasi zilizobaki nikajaza sayansi za karibu na nyumbani. Maombi yalinila kama elfu moja na nusu. Ya HELB, wale wa mikopo ya masomo, sielezi, yataniharibia siku.

Nilipoitwa, ami alitangaza barazani kuwa biokemia ndiyo udaktari wenyewe. Nikanyamaza, nauli ya treni ya SGR alitoa yeye.

Kwenye usaili mwongozaji aliuliza nasoma nini, nikamwambia, akanipa askari asiyesema kitu. Muhula uliofuata nikapewa maneno. Siku inayogongana kwangu ni Alhamisi. Dawa yake ni kubadilishana kundi la maabara na mwenzio, na ufanye hivyo mapema kabla orodha ya majina haijapigwa mhuri, kwa sababu baada ya hapo fundi wa maabara hasikii la mtu. Mimi nilimpata kijana wa Machakos aliyekuwa Jumanne. Alikataa pesa, akataka achari ya maembe niliyotoka nayo nyumbani, gudulia zima.