Hodhi la baba, shawa ya mama

Fundi wa kwanza aliligonga lile hodhi la kuogea mara mbili kwa konzi, kama mtu anayebisha mlangoni, akasikiliza. "Dada, hiki ni chuma cha Mjerumani. Hakitoki leo." Utaifa alikosea, maana chini ya tumbo lake kulikuwa na maandishi ya Kiingereza yaliyoumuka kwenye chuma. Kuhusu leo alisema kweli.

Nyumba ni ya wazazi wangu, iko Raskazoni, Tanga, upande ule ambao upepo wa bahari hula kila bawaba. Baba aliinunua 1974 kwa familia iliyokuwa inahama nchi, na hodhi alilikuta humo: urefu sentimita 170, miguu minne yenye makucha ya simba, ukingo karibu sentimita 60 kutoka chini. Walioijenga nyumba walikuwa watu wa kulala kwenye maji. Ukimaliza unavuta kizibo, maji yanashuka, sakafu inabaki kavu. Ndiyo maana sakafu yenyewe hawakuiwekea tundu la kutolea maji. Sisi tulihamia na ndoo zetu na makopo yetu, na tulipooga sakafuni maji yalikimbilia korido. Basi ikawa desturi: unapanda, unaingia ndani ya hodhi na ndoo yako, unaoga umesimama, kisha unapanda tena kutoka, miguu ina sabuni. Maji ya bomba yakikatika, hodhi lilijazwa likawa tangi, na sote tukahamia bafu la mabati uani.

Sikumbuki mtu wa nyumba ile aliyewahi kujilaza humo akaoga, isipokuwa kaka yangu mara moja alipofaulu darasa la saba. Alikula bakora kwa maji aliyoyamaliza. Hodhi la ukubwa ule linameza lita 150 hivi, yaani ndoo saba na nusu za lita 20.

Mei 2023 mama aliteleza akitoka, mguu mmoja nje, mmoja ndani. Alikuwa na miaka 76. Tulimpeleka hospitali ya Bombo, ikaonekana mfupa umevunjika karibu na kiganja cha kulia, akafungwa plasta ngumu, P.O.P., wiki sita. Kwenye bajaji tukirudi aliniambia, "Mwanangu, lile jitu litaniua, na baba yenu atanicheka huko aliko." Nikajua hodhi litatoka. Kilichobaki ni kuwaambia wenzangu.

Kaka yuko Dar es Salaam. Alisikiliza habari za mkono wa mama, akatoa pole, halafu akaingia kwenye jambo lake. "Nyumba yenye hodhi ni nyumba ya kishua, mdogo wangu. Siku tukiuza, mnunuzi anataka kuliona." Dada yuko Leicester, Uingereza, naye kwa mara ya kwanza katika maisha yao akakubaliana na kaka. Huko aliko, mawakala wa nyumba humshauri mwenye nyumba asiondoe hodhi la mwisho, kwa sababu wanunuzi wenye watoto wadogo hulitafuta. Marekani nako ushauri ni huohuo. Sikumbishia. Huko mtoto huogeshwa ndani ya hodhi na maji ya moto yanatoka ukutani usiku wa baridi. Nilimuuliza tu: yeye mwenyewe aliogeshwa wapi? Kwenye beseni la bluu, uani, jua likiwaka.

Hata hivyo maneno ya watu wawili waliosoma kuliko wewe hayapiti bure. Nilikwenda kwa dalali mmoja wa Chumbageni, mzee ambaye ameuza nusu ya nyumba za barabara yetu, nikamuuliza wanunuzi huuliza nini. Hati ipo? Gari linafika? Maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, na tangi lipo? Majirani ni watu gani? Na hodhi, mzee, wanaliulizia? Akafikiri. "Wawili waliwahi. Walitaka kujua kulitoa ni shilingi ngapi."

Hapo ndipo nilipoona kwamba lile hodhi lilikuwa na kazi moja ya kweli, nayo ni kutunza maji. Kwa hiyo kabla sijamwita fundi nilinunua simtanki la lita 1,000, likasimamishwa uani juu ya mnara mfupi wa matofali. Kama una mpango kama wangu, anza na tangi. Ukiondoa hodhi kwanza, siku ya kwanza bomba likikauka utasikia maneno ya nyumba nzima.

Sasa fundi. Yule wa kwanza alikuwa wa bei nafuu na mwepesi wa kusema "hakuna tabu". Hodhi halikupita mlangoni. Inaelekea fremu iliwekwa baadaye. Walilifunika kwa blanketi bovu lililoloweshwa ili vipande vya ile rangi ngumu visiruke machoni, wakalivunja kwa nyundo kubwa kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri. Mama alikaa barazani akihesabu mapigo. Vipande tulimuuzia mnunuzi wa chuma chakavu kwa shilingi elfu 90, na fundi akadai nusu.

Kosa lake lilikuwa kuogopa kupasua jamvi, yaani zege la sakafu. Aliacha sakafu ya zamani kama ilivyo, akamwaga zege juu yake, akaweka kizingiti cha sentimita 15 kuzuia maji. Yaani alimjengea mama ukingo mwingine wa kupanda. Mteremko aliukadiria kwa macho. Bomba la kutolea maji aliunganisha lilelile la hodhi, la chuma, inchi moja na nusu, ambalo ndani lilikuwa limejaa kutu kiasi kwamba kidole changu hakikupita. Chini ya wavu hakuweka mkunjo unaobaki na maji, ule unaozuia harufu na wadudu. Wiki ya kwanza maji yalituama. Ya pili mende walipanda kutoka huko chini kama wageni wa arusi. Ya tatu ukuta wa korido ukaanza kuota doa la unyevu, rangi ya chai ya rangi, likakua kila siku kwa upana wa kucha. Nilipompigia simu alikuwa Handeni, halafu Korogwe, halafu hapatikani. Laki 4 na nusu zilikwenda hivyo.

Fundi wa pili aliletwa na jirani, mzee wa Ngamiani anayetembea na pimamaji yake kwenye mfuko wa kanzu. Hakugusa kitu siku ya kwanza. Alimwaga kopo moja la maji mlangoni, akachuchumaa akiyatazama yanakoelekea. Akamuuliza mama, siyo mimi: "Bibi, unaoga umekaa au umesimama?" Mama akasema siku hizi anaomba kukaa. Akauliza tena mkono upi una nguvu. Mimi nilikuwa nimeandaa picha za bafu kwenye simu, sikuzitoa tena.

Alipasua jamvi eneo lote la kuogea, akashuka kiasi cha kiganja, ili sakafu ya bafu na ya korido zilingane, na maji ya shawa yawe na bonde lao bila kizingiti. Bomba jipya la plastiki la inchi mbili lilipita chini ya ukuta hadi chemba ya nje, likiwa na mkunjo wake. Mteremko ulikuwa sentimita mbili kwa kila mita, alioupima kwa mpira mwembamba uliojaa maji, kila kona, na alipokosea nusu sentimita alikwangua akaanza upya. Zaidi ya hapo, alisema, mtu mzima anajihisi anateremka. Chini ya hapo maji yanakataa kwenda.

Juu ya lipu akapaka dawa ya kuzuia maji, makoti mawili, sakafu nzima na ukutani mpaka usawa wa kifua, na kwenye pembe akalaza kitambaa ndani ya dawa, kwa sababu pembe ndizo hupasuka kwanza. Halafu ikaja sehemu ambayo ningemlipa hata asingefanya nyingine. Aliziba tundu kwa mfuko wa nailoni uliojazwa matambara, akajenga tuta la udongo mlangoni, akajaza maji kina cha vidole viwili, akachora mstari wa penseli ukutani. "Tukutane kesho alasiri." Usiku niliamka mara tatu kwenda kuutazama mstari na tochi. Asubuhi maji yalikuwa yameshuka chini yake upana wa kidole. Mzee hakushangaa. Alitoa maji, akatafuta, akakuta ufa kama uzi pale bomba linapotokea ukutani. Akarudia dawa, akasubiri ikauke, akajaza tena. Safari ya pili mstari haukusogea. Ndipo aliporuhusu marumaru ziletwe.

Marumaru za sakafu nilichagua zisizong'aa, zenye alama ya R11 kwenye boksi, inayoonyesha hazitelezi kirahisi. Muuzaji alinishangaa, kwake zote zilikuwa "za bafuni". Ukitaka kujua bila alama, mwaga maji na sabuni juu ya kipande, ukanyage kwa mguu mtupu. Kaka alitaka ukuta wa kioo, bado akimwazia mnunuzi wake. Nilikataa. Kioo kingehitaji kufutwa kila siku, na mtu anayeshika ukuta akiteleza hafai kushika kioo. Tulijenga ukuta mfupi wa tofali usawa wa bega la mama akiwa amekaa, ukaacha nafasi ya sentimita 90, kiti cha magurudumu kikihitajika kipite. Chuma cha kushikia kilifungwa kwa bolti ndefu zilizoingia kwenye tofali lenyewe. Lipu peke yake haibebi mtu. Kimo hatukukisoma popote. Tulimkalisha mama, akanyoosha mkono kama anayetaka kuinuka, mzee akaweka alama. Pembeni akamjengea kibaraza cha kukalia, sentimita 45 kwenda juu, kilichoinama kidogo ili maji yasikae. Mama alikiita "baraza langu" kabla hakijakauka.

Jumla, tangi na hasara ya fundi wa kwanza zikiwemo, ilikuwa milioni 3 kasoro kidogo.

Habari ya thamani ilijijibu yenyewe mwaka uliofuata. Kaka aliomba mkopo na mama akakubali nyumba iwe dhamana (hilo tuliache, ni ugomvi mwingine). Benki ikamtuma mthamini aliyesajiliwa, kijana mpole mwenye futi ndefu ya chuma. Alipima nyumba kwa nje, akapima kiwanja, akaisoma hati kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama nyumba. Ni hati ya miaka 99 iliyoanza 1963, inaisha 2062, na miaka iliyobaki ilimshughulisha sana. Bafuni alikaa kama dakika moja. Alipiga picha, kisha akarudi korido na kusimama mbele ya lile doa, ambalo tulikuwa tumelipaka rangi lakini bado linajitokeza. "Hapa panavuja?"

Nikamweleza habari ya mstari wa penseli. Akaandika. Nikaona bora nimuulize waziwazi: tungebaki na hodhi la chuma, la zamani, zuri, bei ingepanda? Alinieleza anavyofanya: ardhi anailinganisha na viwanja vilivyouzwa karibu, jengo analihesabu kwa gharama ya kulijenga upya leo, halafu anakata uchakavu. "Dada, hodhi halina mstari kwenye fomu yangu," akasema. "Unyevu unao." Kwa hiyo bafu la fundi wa kwanza ndilo lililotaka kushusha bei ya nyumba, na mzee wa Ngamiani akairudisha pale ilipokuwa. Nilimtumia kaka maneno hayo yote kwa simu. Alijibu kwa kidole gumba.

Kuna moja linaloniuma mpaka sasa. Baadaye jirani alinikutanisha na bwana mwenye nyumba ya wageni Pangani, karibu na ufuko, anayepamba vyumba kwa vitu vya zamani. Tulipomsimulia lile hodhi la makucha ya simba aliweka kikombe chini. Alikuwa tayari kutoa laki 8, na mlango angeung'oa na kuurudisha kwa gharama yake. Kaka nilimficha. Wakati sote tunabishana hodhi litaipandishia nyumba bei gani, hakuna aliyewaza kuuza hodhi.

Mama anaoga mwenyewe sasa, mlango umerudishwa bila komeo. Wajukuu wakija wanasimama chini ya shawa mpaka wagombezwe. Yeye anakaa kwenye baraza lake, ndoo mbele yake, kopo mkononi. Shawa anaifungua kujazia ndoo.