Visawe vya run havikai mahali pamoja

Juma lililopita nilikuwa natafsiri hadithi fupi ya Kiingereza, nikakwama kwenye sentensi isiyo na neno gumu hata moja: She runs a small clinic that has run out of gloves. Kitenzi ni kilekile, kimetokea mara mbili, na kila mara kinadai neno lake katika Kiswahili. Niliandika: "Anaendesha zahanati ndogo iliyoishiwa glovu." Hakuna anayekimbia ndani ya sentensi hiyo, ingawa kila anayejifunza Kiingereza huambiwa katika masomo ya mwanzo kabisa kwamba run ni kukimbia.

Tangu siku hiyo neno hili la herufi tatu halijanitoka akilini. Kwa miaka mingi sifa ya kubeba maana nyingi kuliko maneno yote ya Kiingereza ilikuwa ya set, ambalo katika toleo la pili la Oxford English Dictionary, la mwaka 1989, lilipewa maana zaidi ya 430 na maelezo yenye maneno yapatayo 60,000. Kisha ikafika zamu ya run kuhaririwa upya. Mhariri Peter Gilliver alilishughulikia neno hilo moja kwa takribani miezi tisa, na mwaka 2011 ikatangazwa kwamba run, kama kitenzi peke yake, ina maana 645.

Wingi huo haufanani na ule wa neno letu kaa. Kaa la moto, kaa wa baharini na kitenzi kukaa ni maneno matatu yaliyokutana kwa sauti tu. Maana za run ni za ukoo mmoja, na ukizifuata kwa subira utaona jinsi moja ilivyomzaa mwenzake. Maji, kwa mfano, hayakuazima kitenzi hiki kutoka kwa miguu ya mwanadamu katika siku za karibuni. Katika Kiingereza cha kale tayari kilitumika kwa kiumbe anayekwenda mbio na kwa maji yanayotiririka, na ndugu yake wa Kijerumani, rinnen, hadi leo ni kitenzi cha maji. Ndiyo maana Mwingereza husema kwamba bomba lina-run, pua yenye mafua ina-run, na hata nguo inayochuja rangi inapofuliwa, rangi yake ina-run. Sisi tunahitaji vitenzi vitatu pale ambapo yeye ana kimoja: bomba linatoka maji, pua inatiririka kamasi, nguo inachuja.

Baadaye zikaja mashine, nazo zikaongeza tawi kubwa: treni, injini, na siku hizi programu za kompyuta. Tawi hili ndilo linalonifurahisha zaidi, kwa sababu Kiswahili kina kitenzi kinachokaribia kulienea lote, nacho ni kuendesha, yaani kufanya kitu kiende. Tunaendesha gari, mashine, kampuni, programu na kikao. Hata mtu anayeharisha tunasema anaendesha, na Waingereza katika mazungumzo ya kawaida huuita ugonjwa huohuo the runs. Lugha mbili zisizo na undugu wowote zimefikia picha moja, kila moja kwa njia yake.

Si kila mahali wasemaji wa Kiingereza wenyewe wanakubaliana. Mgombea wa Marekani huwa ana-run, ilhali kwa desturi ya Uingereza mgombea husimama, stand. Kiswahili hakikuchagua mbio wala kusimama. Kiliona ugomvi, kikasema kugombea.

Kosa ninaloliona mara kwa mara, na ambalo mimi mwenyewe nimelifanya, ni kufungua kitabu cha visawe nikiwa na neno mkononi badala ya maana. Peter Mark Roget, daktari aliyechapisha Thesaurus yake mwaka 1852, aliyapanga maneno chini ya vichwa 1,000 vya dhana, wala hakufuata alfabeti, isipokuwa katika faharasa. Mpangilio huo unamlazimisha msomaji aamue kwanza anataka kusema nini. Run yenyewe, kwa maoni yangu, haina visawe. Maana zake, moja moja, ndizo zenye visawe. Ukiwa na maana ya kuongoza shughuli utapata manage na operate, lakini hata hapo uangalifu unahitajika. Manage hubeba pia wazo la kumudu jambo kwa taabu. Anayeruka kutoka run hadi operate akiwa anamzungumzia mkuu wa hospitali, kisha akateleza na kuongeza on, atakuwa amemtoa mkuu huyo ofisini na kumpeleka chumba cha upasuaji.

Vijineno vya namna hiyo ndivyo vinavyonipa kazi kubwa. Run into a friend ni kukutana na rafiki bila kutarajia, run over ni kugonga kwa gari, run up a debt ni kulimbikiza deni, run down ni kumsema mtu vibaya. Kiingereza hukiacha kitenzi kama kilivyo na kubadilisha kinachokifuata. Kiswahili huingia ndani ya kitenzi chenyewe: kukimbia, kukimbilia, kukimbiza, kisha kimbilio, mkimbiaji na mkimbizi. Mkimbiaji anashindana uwanjani. Mkimbizi ameacha kwao ili ajiokoe. Kiingereza hutumia runner kwa mmoja, na kwa wengine refugee na refuge, maneno ya mzizi mwingine kabisa, pale ambapo sisi tunasikia mzizi mmoja. Mtafsiri anayetoka huku kwenda kule hupoteza undugu huo, na mimi kila ninapoupoteza huona uchungu.

Nikirudi kwenye hadithi yangu, kurasa mbili baada ya zahanati ile palikuwa na sentensi nyingine: A shiver ran through her. Mara ya kwanza niliandika kwamba mtetemeko ulikimbia mwilini mwake, nikaisoma kwa sauti na kuifuta, kwa kuwa hakuna Mswahili ambaye mtetemeko humkimbilia mwilini. Mara ya pili niliandika kwamba mtetemeko ulimpita, nayo ikawa nusu ya njia, maana kinachompita mtu kinakwenda zake. Mara ya tatu niliacha kumtafutia run mwenzake, nikajiuliza mama yule aliyekuwa amesimama mbele ya kabati tupu la glovu angesema nini juu ya mwili wake mwenyewe. Nikaandika: "Mwili ulimsisimka." Nimeiacha hivyo.