Bili ya bia ambazo hatukunywa: kutafuta ukumbi wa taarabu London

Jana imenifikia bili ya pauni 640, ya usiku wa taarabu ambao kikundi chetu kilipiga ghorofani mwa baa moja hapa London. Hatukuvunja kiti, hatukuchelewa kutoka, hatukuchafua zulia. Tunadaiwa bia ambazo watu wetu hawakunywa.

Wa nyumbani niwaelezee, maana jambo hili huwezi kulikisia ukiwa huko. Baa nyingi za London zina chumba ghorofani, chenye jukwaa dogo na spika zake. Ukiuliza kodi, unaambiwa ni bure. Ila kaunta ya vinywaji lazima iingize kiasi kilichopangwa usiku huo, na kisipotimia mwenye shughuli anajaza pengo. Sisi tulipangiwa pauni 900. Tulilielewa sharti na tukatia saini, kwa sababu kumbi za kulipia kwa saa zilikuwa zimeshachukuliwa zote na watu wa Milton Keynes na Coventry walishakata tiketi za treni.

Na watu walijaa wallahi. Kina mama wamependeza, nguo zimefukizwa udi, ngazi nzima inanukia. Hakuna aliyegombana, hakuna aliyetapika, hakuna aliyebebwa. Walinunua maji, juisi, soda, wengine chai juu ya chai. Meneja mwenyewe alitwambia hajapata kuona vyoo safi namna ile usiku wa Jumamosi. Kisha akapiga hesabu: kaunta imeingiza pauni 260.

Kinachoniuma zaidi ya fedha ni kwamba nidhamu yetu ndiyo iliyotutia hasara. Wangekuja watu mia wakalewa, wakapigana mlangoni, ukumbi tungeupata bure na mwaliko wa kurudi. Mji huu unatuita kila msimu wa joto tukapige nyimbo mbili bustanini, tuvae kanzu, tupigwe picha, na picha zinawekwa kwenye vipeperushi vya kaunsili, yaani halmashauri ya mtaa. Ukitaka usiku wako mwenyewe, wa watu wako, kwa mpangilio wako, unapimwa kwa pombe. Na si sisi tu. Wasomali wanalalamika hivyohivyo, Wabangladeshi vilevile, na hata Walokole wa Kongo wanaotafuta pa kufanyia tamasha la nyimbo za dini.

Jambo la pili ni sauti. Ukumbi mmoja wa jamii tuliowahi kukodi ulikuwa na kisanduku ukutani chenye taa za kijani, njano na nyekundu. Kelele zikizidi kipimo, taa inakuwa nyekundu, na zikiendelea sekunde chache umeme wa jukwaa unakatika. Tulipima vyombo mchana, kila kitu kijani. Usiku bi mkubwa wetu akapanda, akashika wimbo ambao kila mwanamke mle ndani anaujua, na vigelegele vikapaa. Umeme ukakatika. Kinanda kimya, maikrofoni kimya. Lakini hapo niliwaonea fahari wenzangu mpaka leo: fidla hazikusita, mwenye dumbaki hakupoteza pigo, mpiga udi akaendelea, na bi mkubwa akaimba kwa koo lake tupu kama walivyoimba wa zamani kabla ya maikrofoni. Ukumbi mzima ukaitikia. Kile kisanduku kilibaki na taa yake nyekundu na hakikuwa na cha kukata tena.

Sababu ya visanduku hivyo inajulikana. Maghorofa ya makazi yanajengwa ukuta kwa ukuta na kumbi za zamani, wapangaji wapya wanalalamika, kaunsili inapima kelele. Ripoti iliyotolewa na Meya mwaka 2015 ilisema London imepoteza asilimia 35 ya kumbi zake ndogo za muziki tangu 2007. Mwaka 2018 sera ya taifa ya mipango miji ikaweka kwamba anayejenga karibu na ukumbi uliopo ndiye mwenye wajibu wa kuzuia sauti isiwafikie wakazi wake. Ni jambo jema, ila kumbi zilizokwisha kufungwa hazikufunguliwa.

Wakongwe wa muziki wa watu weusi hapa watakusimulia pia habari za Fomu 696. Polisi wa London waliianzisha 2005, ukumbi unajaza majina, anwani na simu za wasanii kabla ya onyesho, na mwanzoni iliuliza hata asili ya watakaohudhuria. Ilifutwa Novemba 2017. Fomu imekwenda, ila lile jicho la kwanza la meneja anapokuona mlangoni na ngoma mkononi halikufutwa na mtu.

Kwetu Unguja kikundi kina nyumba yake. Ikhwani Safaa wapo tangu 1905. Culture Musical Club wana nyumba yao Vuga, ukipita jioni unasikia fidla zinapimwa. Na mliozoea hoteli ya Travertine, Magomeni, Dar es Salaam, mnaijua saa ambayo kundi ndiyo kwanza linapanda jukwaani. Saa hiyo hapa taa zote zimeshawashwa na mlinzi ananing'iniza funguo.

Mnaojiandaa kuja na mnategemea kuishi kwa sauti au chombo, nawaomba mnisikilize. Ukiuliza ukumbi, usiulize onyesho linaisha saa ngapi. Uliza mlango unafungwa saa ngapi, maana kufungasha nyaya na kukunja viti kunakula saa nzima, na saa hiyo unailipia. Uliza kama kuna kisanduku cha kukata umeme. Uliza kaunta inadai kiasi gani, na jibu lije kwa maandishi. Wengi watakudai bima, ya kulipa mtu akiumia kwenye shughuli yako, na kiwango kinachotajwa sana ni pauni milioni 5. Ukijiunga na Musicians' Union, chama cha wanamuziki wa hapa, uanachama unakuja na bima ya aina hiyo ya hadi pauni milioni 10 kwa kazi zako za muziki. Ada ya uanachama inauma, lakini ilipe kabla hujanunua spika.

Na ijueni sheria kabla hamjatishwa nayo. Kwa England na Wales, muziki wa kupiga hapohapo usiotumia spika hauhitaji leseni ya burudani kati ya saa mbili asubuhi na saa tano usiku. Wenye spika nao, katika ukumbi wa kanisa au wa jamii, kwa idhini ya wenye ukumbi na wasikilizaji wasiozidi 500, unapita ndani ya saa hizohizo. Mkitaka kuvuka saa tano, mnapeleka taarifa kaunsili siku 10 za kazi kabla, ada pauni 21, watu wote wasifike 500. Kuna wajanja, na baadhi yao ni ndugu zetu, wanaotoza mamia kwa kujaza fomu hiyo ya pauni 21.

Sasa niseme la kheri, maana nisiposema nitakuwa mwizi wa fadhila. Baada ya kile chumba cha ghorofani nilikwenda kuuliza ukumbi wa kanisa moja huku mashariki mwa London. Pauni 35 kwa saa, jiko ndani, birika kubwa la chai. Mlezi wa ukumbi ni bibi mwenye asili ya Jamaica. Nilijiandaa kumweleza taarabu ni nini na kwa nini hatuuzi pombe. Hakuuliza. Aliuliza Magharibi inaingia saa ngapi tarehe hiyo, ili atufungulie chumba cha shule ya Jumapili, wenye kusali wapate nafasi.

Usiku wenyewe alikaa nyuma. Kule baa walinzi waliwazuia shangazi zetu kulikaribia jukwaa, wakidhani wanamvamia mwimbaji, na noti zikarudi pochini. Huku bibi alinivuta mkono akataka kujua wale wanakwenda kufanya nini mbele. Nikamwambia wanamtunza, yaani wanampa mwimbaji fedha kwa kumfurahia. Wimbo wa pili akainuka na noti yake ya pauni 5, akaenda kwa mwendo wa madaha kama aliyezaliwa Miembeni, Unguja, akampa bi mkubwa mkononi. Vigelegele vilivyopigwa hapo sidhani kama kuna kisanduku kingevistahimili.

Ukumbi wake ni wa watu 80 tu, na Jumamosi zake karibu zote ni za harusi mpaka mwisho wa mwaka. Bili tumeomba tuilipe kwa mafungu manne, bado hawajajibu. Anayejua ukumbi Barking, Ilford au East Ham wa watu kama 200, sakafu tambarare, jiko la kuchemshia chai, mlango usiofungwa kabla ya saa sita usiku, na kaunta isiyodai kitu, aniandikie. Tunataka Jumamosi yoyote ya Novemba, na fedha ya ukumbi tunaitoa mapema.