Basi omba wewe, baba

Juma limekuwa na mengi: ukaguzi kazini umepita salama, mdogo wangu kapata uhamisho wa Makete na tayari analia baridi. Lakini kichwani mwangu limekaa jambo la mezani tu.

Jumapili kaka alipita kwa Mama hapa Kihesa, Iringa, akitokea Mbeya. Mnajua tangu aokoke mambo yake yalivyo. Ugali uko mezani, figili, maharage, na kuku kwa heshima yake. Mama akafanya ishara ya msalaba, akaanza ile sala yetu fupi. Hajafika amina, kaka akaingilia: "Mama, hiyo mlikaririshwa na mapadri wa Kizungu. Yesu hakukariri."

Mama akafumbua macho. "Basi omba wewe, baba."

Kaka akaomba. Akakemea, akafunga, akafungua, akawaombea mpaka madereva wa malori ya Tunduma, ugali ukaota ngozi. Nami tangu hapo naisikiliza ile sauti. Basi omba wewe, baba. Nikiosha vyombo naisikia ya upole kabisa. Nikiwa kwenye daladala naisikia ina ncha. Aliumia? Alimkejeli? Au alikuwa na njaa tu, mama wa watu? Kesho yake jioni alifanya ishara ya msalaba, midomo ikacheza, sauti haikutoka. Mama huyuhuyu aliyetufinya mapaja tukigusa tonge kabla ya amina!

Kwa hasira nikakesha nasoma, nitafute pa kumkamatia kaka. Kumbukumbu la Torati 8:10 inaagiza mtu akisha kula na kushiba amshukuru Mungu. Wayahudi wanaishika mpaka leo, na Yesu alikulia humo; naye kabla ya kuimega ile mikate mitano alitazama mbinguni akabariki. Paulo naye, melini katikati ya dhoruba, alitwaa mkate akashukuru mbele ya watu 276. Kisha nikamkuta Tertuliani, mtu wa Kartago, Tunisia ya leo, akiandika karibu na mwaka 200 kwamba Wakristo hawaketi kula kabla ya kuonja sala kwanza. Afrika hii hii! Nikaanza kumwandikia kaka ujumbe, nikafuta. Ana nusu ya hoja: sala yetu yenyewe asili yake ni Kilatini, na maneno yake yamo katika kitabu cha ibada cha karne ya 8 kinachoitwa kwa jina la Papa Gelasio. Huko ni Ulaya kweli. Ila naye mikemeo yake ile hakuizua mwenyewe, kila mhubiri wa stendi anayo.

Hasira ilikuja kuniishia kwa Mtakatifu Benedikto, baba wa wale watawa Wabenediktini waliokuwa misheni ya Tosamaganga kabla ya wamisionari wa Konsolata. Kanuni yake ya karne ya 6, sura ya 43, inasema mtawa anayechelewa sala ya mezani kwa uzembe ataonywa mara mbili. Asipojirekebisha atakula peke yake, na divai yake atanyimwa. Nikamsomea Mama jikoni anachambua maharage. Alicheka mpaka akashika kiuno.

"Kaka yako! Angekula peke yake maisha yote. Na ulanzi wanyime, enzi zile? Angewahi kabla ya kengele."

Sikumwuliza ile Jumapili alikuwa na maana gani. Usiku alisali kwa sauti, tena haraka haraka, akaniuliza mbona amina haijafika nami tayari nautolea mchuzi macho. Kisha akaniuliza habari za shamba la Dabaga, usingizi ukaniruka. Mvua hii hainyamazi usiku wala mchana, na ugonjwa wa ukungu hupenda viazi vikiwa ndiyo kwanza vimeanza kutoa maua. Dawa iliyobaki haifiki nusu eka, na kijana wa kupulizia hapokei simu.